Ridhaa ya Kuondoa Usiri Itolewe Siku ya Kwanza

Mnaonifahamu mnajua nitaanzia wapi: ridhaa ya kuondoa usiri, yaani kampuni kuziruhusu mamlaka zijadiliane siri zake. Mnivumilie.

Kampuni mbili zinataka kuungana, zimepeleka maombi kwa mamlaka tatu za ushindani, zile zinazopima kama muungano utaua ushindani sokoni. Kila mamlaka imeshika siri zao: mauzo, bei ya kila mteja, mipango ya miaka ijayo. Maofisa wanapigiana simu. Bila ridhaa ya maandishi ya kampuni, watazungumza nini? Ratiba, na mitazamo yao kwa ujumla: soko husika wanalionaje, wanahofia madhara gani. Mmoja akiuliza, "Hofu hiyo umeitoa kwenye hati ipi?" mazungumzo yameishia hapo.

Najua wakili fulani humu ananung'unika: kwa nini niwape nafasi ya kunijadili? Ndugu yangu, wanakujadili tayari, ila gizani. Utaulizwa yale yale mara tatu, na soko uliloliita la dunia kwa huyu ukiliita la nchi moja kwa yule, siku moja hizo karatasi zitakutana.

Hofu moja naikubali: kinga ya mawasiliano ya wakili na mteja, yaani haki ya kutoyatoa kwa wachunguzi. Katika uchunguzi wa Tume ya Ulaya, ambayo ndiyo mamlaka ya ushindani ya Umoja wa Ulaya, barua za wakili aliyeajiriwa na kampuni yenyewe hazina kinga. Mahakama ya Ulaya ilisisitiza hivyo mwaka 2010 katika kesi ya Akzo. Marekani zinaweza kuwa nayo. Basi andika sentensi moja kwenye ridhaa: hati zenye kinga huku hazivuki kwenda kule. Na usiandike "hati" peke yake! Andika "hati na mazungumzo", la sivyo maofisa watapelekeana majedwali wasiyoruhusiwa kuyajadili kwa simu.

Kalenda nayo. Ulaya hatua ya kwanza ni siku 25 za kazi, na saa haianzi hadi maombi yakamilike. Mashauriano ya kabla yake huweza kula miezi. Marekani kwa kawaida ni siku 30 za kalenda tangu kuwasilisha. Ukipeleka yote siku moja ukidhani umeyaoanisha, mmoja atakuwa anaamua mwenzake hajafungua faili. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya uamuzi.

"Mbona muungano wa kampuni za General Electric na Honeywell, mwaka 2001, Marekani iliridhia kwa masharti na Ulaya ikazuia, ilhali mamlaka zilikuwa zikiwasiliana?" Swali hili sikosi kuulizwa. Ushirikiano haulazimishi uamuzi mmoja. Walitofautiana kuhusu madhara ya kuunganisha biashara zisizoshindana moja kwa moja, na tofauti hiyo hakuna simu ya kuifuta.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo masharti ya kuruhusu muungano nayapitia mbio. Kiwanda kikiagizwa kuuzwa, mnunuzi akubaliwe na mamlaka zote kabla ya mkataba kusainiwa, na msimamizi wa utekelezaji awe mmoja. Uchumi wa kidijitali nilioahidi kwenye ratiba, tuulizane wakati wa maswali.