Noa Kwanza, Ndipo Urekebishe: Kifaa cha Kukatia Ndimi za Mviringo
(Mhadhara kwa mafundi seremala, Bagamoyo)

Assalaam alaikum. Wazee wetu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Leo tunazungumzia kifaa kimoja tu: kile cha kukatia ulimi wa mviringo, yaani ncha ya ufito iliyopunguzwa ili iingie kwenye tundu la kiungo. Kifaa hiki kinafungwa kwenye drili, kwa kazi za stuli, viti na vitanda vya fito. Kinafanya kazi kama kichongeo cha penseli. Ufito unaingia mdomoni, kisu kinaupunguza, na ulimi uliokwisha kukatwa unapita kwenye tundu la nyuma, ambalo ndilo linaloushika usiyumbe. Lawama nyingi zinazotupiwa mbao chanzo chake ni kisu butu au kisu kilichokaa vibaya. Ukibadilisha mbao bila kugusa kisu, tatizo liko palepale.

Noa kwanza, ndipo urekebishe. Kila ukinoa, kisu kinafupika kidogo, makali yanasogea mbali na kitovu cha tundu, na ulimi unanenepa. Ukirekebisha leo ukanoa kesho, kazi ya leo imepotea.

Toa betri ya drili au chomoa waya. Chora mstari wa penseli kuonyesha kisu kilipokuwa, kisha fungua skrubu zake. Hamhitaji kinoo cha bei kubwa: kipande cha kioo kinene na msasa wa maji, ule wanaotumia wapaka rangi magari, vinatosha. Namba 400 ni kwa kisu chenye mapengo tu. Kazi yenyewe inafanywa na namba 1000, na 2000 inamalizia.

Anza na upande ulio bapa. Laza kisu chote juu ya msasa, usukume mpaka sehemu iliyo karibu na makali ing'ae sawasawa. Hapo ndipo wengi wanaporuka, nao hawapati makali ya kweli kamwe, kwa sababu makali ni mahali pande mbili zinapokutana; upande mmoja ukiwa na kutu, mnakutanisha kitu na shimo. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, kutu ya vitone vitone haikosi.

Sasa mshazari, yaani upande wa pili, ule ulioinama kuelekea makali. Upake wino wa kalamu nene, upitishe kisu mara moja tu kwenye msasa, kisha utazame. Wino ukitoka kisogoni, nyuma ya mshazari, na kubaki kwenye makali, umelaza kisu mno. Ukitoka kwenye makali peke yake, umekisimamisha mno. Ukitoka wote kwa pamoja, shikilia pembe hiyo. Endelea mpaka dole gumba lisikie uzi mwembamba wa chuma kwenye upande bapa, kutoka mwanzo wa makali hadi mwisho. Mahali usipousikia hapajanoleka bado. Ukiupata wote, geuza kisu, uuondoe kwa mikono myepesi kwenye namba 2000.

Kisu hiki kina sehemu mbili: iliyonyooka, inayokata ulimi, na iliyopinda upande wa mdomoni, inayokata bega, pale ulimi unapokutana na unene wa ufito. Ile iliyopinda imebinukia nje, kwa hiyo inanoleka kwenye kioo kilekile. Zungusha kiganja polepole unapovuta. Ile iliyonyooka ilinde isibinuke. Ikibinuka katikati, katikati ndipo patakapokata zaidi, na ulimi utapwaya ndani ya tundu. Weka rula ya chuma kwenye makali, utazame dhidi ya mwanga.

Grainda iacheni. Chuma kikigeuka bluu, ugumu wake umekwenda, na makali hayatadumu.

Turudishe kisu. Kaza skrubu kwa wastani, kisha kisogeze kwa kugonga na kipande cha mbao. Kumbukeni hesabu hii: ukisogeza kisu milimita 0.1, kipenyo cha ulimi kinabadilika milimita 0.2, maana kisu kinazunguka pande zote. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa karibu milimita 0.1, basi hiyo ndiyo iwe hatua yenu. Mkipata mkereza, mwambieni awakerezee kipimo cha mpingo mkavu chenye kipenyo cha ulimi mnaoutaka. Kiingizeni tunduni, sogezeni kisu kikiguse bila kukisukuma, kisha kazeni.

Kata ulimi wa majaribio, uupime kwa kalipa kwenye ncha, katikati na karibu na bega. Ncha ikiwa nyembamba kuliko shina, mwisho wa ndani wa kisu umeingia mno. Ulimi wote ukipwaya na kuacha mawimbi, upande wa mdomoni ndio ulioingia mno, na tundu la nyuma halina cha kushika. Ukikwama na kutoa moshi, kisu kiko mbali na kitovu, au ni butu. Maranda yawe marefu. Ukiona vumbi, rudi kwenye msasa.

Kuna mtego wa vipimo. Vifaa vingi hivi ni vya inchi, na keekee zetu ni za milimita. Inchi 5/8 ni milimita 15.9, kwa hiyo keekee ya 16 inafaa. Lakini inchi 1 ni 25.4, na tundu la 25 halitaupokea ulimi huo. Msilazimishe kisu, ulimi wa 25 utayumba ndani ya tundu la nyuma la kifaa, ambalo ni la 25.4. Tafuteni keekee ya inchi.

Wakati wa kukata, ufito ubanwe kwenye jiliwa, drili iwe gia ya chini, na mshike imara, maana kisu kikinasa, mkono ndio unaozungushwa.

Ufito uwe mkavu. Mti mbichi hunywea zaidi kufuata duara la mwaka kuliko kuelekea kiini, kwa hiyo ulimi ulio duara leo utakuwa yai baadaye. Kiti cha hapa pwani kikipelekwa Dodoma kinakauka zaidi, na ulimi uliokuwa mbichi ndio wa kwanza kulegea.

Mninga hukatika vizuri. Mvule wakati mwingine una mawe ya chokaa ndani yake. Ukisikia mkwaruzo, simama hapohapo ukague makali. Mtiki, kama ule wa Longuza kule Muheza, una silika, madini kama ya mchanga, inayokula makali haraka, kwa hiyo pitisha kisu kwenye namba 2000 mara kwa mara. Pia una mafuta yanayokataa gundi: futa ulimi kwa kitambaa chenye thina, uache ukauke, kisha upake gundi papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena.