Nje Msipige Niru: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Nyumba wa Mtwara

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, poleni na kazi.

Wengi mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena, kwa sababu mvua zimekaribia na bado napita Shangani, Chikongola, mpaka Mikindani, naona vibaraza vipya vinang'aa. Kuchanganya zege sitawafundisha, mnakujua. Nazungumzia kumalizia tu: pale zege limeshasawazishwa na fundi anashika mwiko wa chuma.

Niru, yaani simenti tupu inayosuguliwa juu ya sakafu kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae, ni ya ndani. Sebuleni, chumbani, isugue mpaka mtu ajione uso. Mahali panaponyeshewa au kumwagiwa maji, msipige niru. Maji yakitanda juu ya sakafu laini hayana pa kukimbilia. Yanakaa kati ya unyayo na simenti, na mtu anakuwa anakanyaga maji, hakanyagi sakafu. Sakafu ikiwa na michirizi, ile mistari inayoachwa na ufagio ukiburutwa juu ya zege bichi, maji yanashuka mabondeni na mguu unashika vilele. Na wengi wetu tunavaa ndala zilizokwisha soli, kwa hiyo sakafu ndiyo inayotakiwa kushika.

Upo msikiti mmoja mkoani Lindi, sitautaja, niliitwa kutazama mahali pao pa kutawadhia. Waumini walichanga, wakapigiwa niru nyekundu safi kabisa. Mkono wa yule fundi ni mzuri, na kazi ile ingekuwa sebuleni ningeisifu hapa mbele yenu. Sasa fikirini: mzee wa umri mkubwa anainua mguu auoshe, amesimama kwa mguu mmoja, maji ya bomba yanapita chini yake. Mmoja alianguka akavunjika nyonga. Mzee akivunjika nyonga mnajua maana yake, nyumba nzima inasimama. Wenzake wakatandika magunia. Gunia nalo likilowa juu ya niru linateleza lenyewe, na chini yake ukaota utando wa kijani. Nilipofika, watu walikuwa wanatawadha huku wameshikilia ukuta.

Hatukubomoa. Tulichukua nyundo na tindo, tukadonoa eneo lote mpaka ile ngozi laini ikatoka. Tukaosha vumbi lote, maana tabaka jipya likilala juu ya vumbi litabanduka. Tukalowesha, tukafagia maji yaliyotuama, tukapaka uji mzito wa simenti, na kabla haujakauka tukaweka tabaka la simenti na mchanga mkali. Tukasawazisha kwa ubao, chuma hakikugusa. Kisha tukaburuta ufagio wa chelewa, zile zile za minazi yao. Humo humo tukaurekebisha mteremko kuelekea mtaroni, kwa sababu michirizi bila mteremko inatuamisha maji, na utando unarudi. Hakuna kitu kilichoagizwa Dar es Salaam. Ndiyo maana nakasirika nikiambiwa sakafu isiyoteleza ni ya matajiri!

Naomba mnisikilize vizuri kwenye muda wa kuburuta, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Zege likishalala hutoa maji juu. Subirini maji hayo yapotee na ule mng'ao wa majimaji uishe. Ukiburuta mapema, michirizi inajifunga na ufagio unakokota kokoto. Ukichelewa, unakwaruza tu. Bonyeza kidole: kikiacha alama na kutoka bila uji, ni saa yake. Vuta mkupuo mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, ukiikata njia anayopita mtu, usiifuate. Kung'uta ufagio kabla ya mkupuo mwingine. Kina cha milimita 1 hadi 3 kinatosha. Huku kwetu jua na upepo wa bahari hukausha juu wakati chini bado bichi, kwa hiyo anzeni alfajiri, msianze saa sita.

Na yale maji yanayopanda juu, msiyanyunyizie simenti kavu ili kuyanyonya. Naona wengine mnatazamana. Ngozi inayotokana na simenti ile ni dhaifu, inatoa vumbi kisha inabanduka magamba, na mwenye nyumba anailaumu simenti wakati kosa ni la fundi.

Mtaniambia michirizi inashika uchafu. Ndiyo, inashika. Sugua kwa brashi ngumu. Uchafu unasafishika. Mtaniambia mteja anataka king'ae. Mpeleke kibarazani kwake siku ya mvua, mwambie mama yake mzazi ndiye atakayepita hapo na ndoo kichwani. Fundi ndiye anayejua, na anayejua hawezi kujificha nyuma ya mteja.

Katibu ananionyesha saa, nikimbie. Kokoto za kuosha: nyunyiza maji ya sukari juu ya zege bichi, simenti ya juu itachelewa kushika, kesho yake sugua kwa brashi na maji, kokoto zitokee. Tumia za mviringo kama watu wanapita pekupeku. Njia ya kiti cha magurudumu, kila sentimita 1 ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu, na ufagio uikate njia. Vigae vya kung'aa visikae nje. Rangi ya kuziba zege ikijaza michirizi, mmerudi kwenye niru. Changanyeni na mchanga mwembamba. Kumwagilia siku 7, msiruke hata moja, la sivyo vilele vitalika mapema.

Maswali baadaye. Asubuhi tumemwaga kipande hapo uani na maji yake sasa yanakaribia kuisha, hakitatusubiri. Vijana, chelewa ziko pembeni ya karai. Tokeni, kila mmoja avute mkupuo wake.