Nyuzi Si Mapambo

Ndugu zangu, bronzi itasubiri. Leo naanza na nyuzi, maana kila zikitajwa sanamu dhahania, zisizoiga kitu halisi, za bronzi zilizofungwa nyuzi, watu huisifu bronzi, kisha nyuzi wakaziita mapambo. Si mapambo hata kidogo, na nitalirudia hilo mpaka likubalike.

Mchukueni Henry Moore, mchongaji wa Kiingereza. Katika Makumbusho ya Sayansi ya London aliona vielelezo vya hisabati: vipande viwili vimeunganishwa kwa nyuzi zilizonyooka. Ukikizungusha kipande kimoja, kila uzi unabaki umenyooka, lakini uso unaofanywa na nyuzi zote kwa pamoja unapinda. Mistari minyoofu imezaa mkunjo! Hapo tusipapite haraka. Moore alieleza kwamba hakuvutwa na hisabati yenyewe; alivutwa na kuweza kuona kupitia nyuzi, umbo moja likiwa ndani ya jingine, kama katika tundu la ndege. Mwaka 1937 akaanza sanamu zake za nyuzi. Nyingine alizisubu kwa madini ya risasi, na baadhi ya hizo baadaye zikasubiwa kwa bronzi.

Najua atainuka mtu aulize, "Sasa hii inafanana na nini?" Swali hilo linanichosha! Uliza inafanya nini. Bronzi inaziba macho. Uzi unaiwekea nafasi mpaka wake, na bado unakuacha uone ng'ambo. Sogea hatua moja, nyuzi za mbele zinapishana na za nyuma kwa namna nyingine kabisa. Picha haikupi hilo. Izunguke sanamu kabla ya kuihukumu.

Mwingine atasema hata mtoto angefunga nyuzi zile. Haya, legeza mmoja tu, uone uso mzima unavyoharibika. Barbara Hepworth, mchongaji mwingine wa Kiingereza, aliyehamia Cornwall, pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1939, alisema nyuzi zake ni mvutano aliouhisi kati yake na bahari, upepo au vilima. Mvutano, jamani! Uzi uliolegea hauna la kusema.

Mchongaji Naum Gabo na nyuzi zake za nailoni, muda umenibana, nawaachia. Lakini hili siliachi: bronzi hudumu karne nyingi, nyuzi za pamba huchakaa kwa mwanga. Nyuzi lazima zibadilishwe, na sioni aibu yoyote hapo. Ila anayezibadilisha ahesabu matundu zinamopita nyuzi, aandike unene, rangi na mkazo wa kila uzi, na uzi upi unaingia tundu lipi, kabla hajashika mkasi.