Waja Leo, Waondoka Leo

(Mhadhara uliotolewa Tanga mjini kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazazi wangu, shikamooni. Na nyinyi wanangu, hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya kusoma isimu, yaani sayansi ya lugha, na fasihi katika chuo kikuu kikubwa cha binafsi, njia niliyoipita mimi. Naanza na msemo wetu wenyewe: "Tanga, waja leo waondoka leo." Hakuna asiyeujua humu ndani. Haya, nijibuni: nani anayekuja? Huku nasikia "wageni". Kule nasikia "wewe".

Wote mmepata. Wakiwa ni wao, neno ni wa-a-ja. A mbili zikikutana moja humezwa, tunabaki na "waja". Ikiwa ni wewe, neno ni u-a-ja. U ikiikuta a hugeuka w, tunapata "waja" ile ile. Tena tazameni: twasema "unakuja", ku imo, mbona hatusemi "wakuja leo"? Kwa sababu a hii ya wakati uliopo, tunayoipenda sana sisi watu wa pwani, haiihitaji ile ku. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hayo, tumeyanyonya. Hapo mwanaisimu amemaliza kazi yake, na mwanafasihi anapokea: utata huo ndio utamu wa msemo. Mgeni akiusikia anahisi ameambiwa yeye. Mwenyeji anahisi wanasemwa wageni. Ukiunyoosha, umeuua.

Siku nilipomwambia baba nimechaguliwa kusoma Kiswahili na isimu, aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, nilipe ada ukajifunze Kiswahili? Kwani hapa Ngamiani tunasema nini?" Sikuwa na jibu. Nililipata mwaka wa kwanza, bwenini. Mwenzangu wa chumba alikuwa Msukuma wa Shinyanga. Akizungumza na mama yake kwenye simu, mvua alikuwa akiiita "mbula", na njia "nzila". Niliona ni lugha ya mbali. Wiki hiyo hiyo mwalimu akaandika ubaoni: nunua, fungua, pokea, chukua. Akasema, tieni kauli ya kutendwa. Tukajibu kama kasuku: nunuliwa, funguliwa, pokelewa, chukuliwa. Akauliza: hiyo l imetoka wapi?

Ukumbi ukanyamaza. Jibu lilikuwa kitandani kwa mwenzangu. Kiswahili kiliidondosha l katikati ya irabu zamani sana, ndiyo maana sisi tuna "njia" na Wasukuma wana "nzila". Lakini haikufa, imejificha ndani ya kitenzi, na ukikinyambua inachomoza. Usiku ule nilimpigia baba. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja vitenzi mwenyewe: "Ondoa, ondolewa. Tia... hii haina." Nikamwambia, baba, umeshaanza kusoma isimu.

Ukubwa wa chuo nao tuuseme. Vyuo vikuu vya binafsi vilianza kufunguliwa nchini miaka ya 1990, na vingine leo vina maelfu ya wanafunzi. Kwenye ukumbi wetu ukichelewa unakaa nyuma kabisa, mwalimu unamsikia kwa spika tu. Semista ya kwanza matokeo yangu ya kozi moja hayakuonekana, nikazunguka ofisi hadi ofisi wiki mbili. Niliumia, sifichi. Kilichoniokoa ni semina, kikundi cha watu kama ishirini, ambako mwalimu anakujua kwa jina na unaweza kubishana naye. Usikose semina hata siku moja. Isimu ya jumla tulifundishwa kwa Kiingereza, kozi za Kiswahili kwa Kiswahili, kwa hiyo fonimu, yaani sauti inayotofautisha maana za maneno, nimeisoma mara mbili, na ya pili ndiyo iliyoingia. Kuhusu fedha: hakikisheni chuo kinatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na mjue kwamba Bodi ya Mikopo huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya binafsi. Bumu, yaani hiyo pesa ya mkopo, likiingia, nunua vitabu kwanza.

Wapo wanaosema isimu iende kwake na fasihi kwake. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Chukueni kipande cha utenzi, mizani minane, yaani silabi nane: "Mtu wake yu shambani." Sasa weka mbuzi: "Mbuzi wake yu shambani." Hesabuni kwa vidole. Minane na minane! "Mtu" ni mizani miwili, m peke yake inapigwa, kwa sababu zamani ilikuwa "mu" na irabu imedondoka. "Mbuzi" nayo ni miwili, lakini m yake imegandana na b. Mzee Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui hapo jirani, alikuwa karani wa forodha, hakukanyaga chuo kikuu. Sikio lake lilikuwa limeshahesabu. Chuo kinakupa jina la kile ambacho sikio linakijua, na ukiwa na jina unaweza kumfundisha mwingine.

Nina jambo moja linaloninyima usingizi. Mwaka 1956 Mwingereza Whiteley alichapisha kitabu juu ya Kimtang'ata, lahaja ya kwetu huku pwani ya Tongoni. Namshukuru kwa dhati. Lakini watoto wa Tanga tuliokwenda vyuoni ni wengi, na nikiuliza nani amerekodi wazee wake, mikono haionekani. Utafiti wangu wa mwaka wa tatu niliufanya Tongoni. Bibi mmoja alinitajia pepo zote, kaskazi, kusi, matlai, na kwa kila moja alikuwa na wimbo. Niliporudi mwaka uliofuata kumalizia, nilikuta matanga.

Simu zenu zina kinasa sauti. Kabla ya kwenda chuo mna miezi kadhaa. Mwombe bibi ruhusa, taja tarehe na mahali, kisha muulize vifaa vya ngalawa, kuanzia tanga na foromali, ule mti unaofungiwa tanga, na usimkatize wala usimsahihishe. Hiyo sauti ndiyo utakayokwenda nayo kwenye semina.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mwanangu, uliza.