Kusimamisha Bomba la Mafuta Ghafi Kwenye Baridi Kali

Karibuni. Nje kila kitu kimeganda, nasi tunataka kusimamisha bomba la mafuta ghafi. Kabla hujagusa kitufe, jiulize: litawashwaje tena? Kusimamisha ni rahisi. Mafuta yakisimama huanza kupoa, na yakishuka chini ya kiwango cha mgando, nta iliyomo hushikana yakawa kama uji uliolala. Hapo pampu haziyasukumi bila kuvuka presha inayoruhusiwa. Kwa hiyo chukua vipimo vya maabara vya mafuta yaliyomo sasa, siyo ya mwaka jana, ukokotoe una saa ngapi kabla hayajaganda.

Bomba la Alaska, lenye urefu wa kilomita 1,300 hivi, lilisimamishwa Januari 2011 baada ya mafuta kuvuja kwenye kituo cha kwanza cha pampu. Siku chache baadaye likawashwa kwa muda, matengenezo hayajaisha, kwa kuhofia baridi.

Hatua ya kwanza, pitisha pigi, yaani kifaa kinachosukumwa ndani ya bomba kulisafisha, isukume nje maji na nta. Hakikisha imefika upande wa kupokelea. Ikikwama katikati ya mafuta yaliyoganda, umejiongezea kazi. Kama kisimamo kitakuwa kirefu, dawa ya kuzuia nta huingizwa sasa, mafuta yakiwa bado na joto na yanatiririka.

Pili, wasiliana na vyumba vya udhibiti vya pande zote mbili, kisha zima pampu moja moja. Subiri presha itulie kila mara. Vali zifungwe polepole, baada ya pampu. Ukifunga vali ghafla, wimbi la presha hukimbia ndani ya bomba karibu kilomita moja kwa sekunde. Zikishafungwa, weka kufuli na lebo.

Sasa tazameni geji. Presha inashuka, na wengi huogopa. Mafuta yakipoa husinyaa, hivyo kushuka kidogo ni kawaida. Linganisha na joto: joto limetulia lakini presha bado inashuka? Hesabu kwamba bomba linavuja, tuma watu. Na kipande kilichofungwa pande zote kiwe na vali ya usalama inayofanya kazi, maana kikipashwa joto presha itapanda.

Tatu, maji, na hapa msiharakishe. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma cha vali hakistahimili. Yanajificha mabondeni, ndani ya vali na pampu, na kwenye matawi yasiyo na mtiririko. Fungua koki za kutolea maji taratibu, kipima gesi kikiwa mkononi, na yaingie kwenye tangi. Vijibomba vya geji vijazwe glikoli, kimiminika kisichoganda upesi. Barafu ikiziba humo, geji itaendelea kukuonyesha presha ya jana.

Nyaya za kupasha joto ziachwe zikiwaka, jenereta ya akiba ijaribiwe.

Mwisho, vali ikiganda usitumie moto wa wazi wala usiining'inie kwa wenzo mrefu. Tumia mvuke au kipasha joto kilichoidhinishwa kwa eneo lenye gesi. Kama barafu imeziba bomba lenyewe, ondoa kwanza presha pande zote mbili, kisha pasha kuanzia ncha. Donge likiachia likiwa na presha nyuma yake hufyatuka kama risasi, kwa hiyo mtu yeyote asisimame mbele ya mdomo wa bomba.