Kikavu beba, cha moto nunua: mazungumzo ya Bagamoyo kuhusu chakula cha kambini wakati wa tamasha

Asalaam aleikum, na wengine habari za mchana, wakubwa mliopo shikamooni. Sogeeni kivulini wanangu, jua la leo halina mswalie mtume. Mnanisikia huko nyuma? Haya.

Nimeombwa niongee kuhusu chakula, yani kijana anakuja tamasha la muziki, ana hema lake, atalala hapa siku tatu nne, je abebe nini. Mimi ni mpishi, vikundi vya ngoma vinavyokuja Bagamoyo nimevipikia miaka mingi, nimeona watu wanakuja na nini na nimeona wanaugua nini. Jibu langu nalitoa mapema kabisa: chakula kikavu beba kutoka kwenu, chakula cha moto nunua hapa hapa kikiwa kinatoka jikoni, na hicho cha katikati, kile kilichopikwa jana usiku Dar kikafungiwa kwenye hotpoti kikapanda daladala, hicho kiacheni nyumbani. Matumbo mengi yanayosokota kambini chanzo chake ni hicho cha katikati.

Sasa najua mmeshapekua kwenye simu, mkaona ushauri wa watu wa nje, bebeni soseji, bebeni jibini, bebeni boksi la barafu. Ule ushauri sio mbaya ila una nchi yake. Chukua tamasha la Glastonbury kule Uingereza, lile lililoanza 1970 kwenye shamba la ng'ombe, linafanyika mwezi wa sita na usiku wa kule hata kwenye kiangazi chao mtu anavaa sweta, kipande cha jibini ndani ya hema kinaweza kikalala kikaamka salama. Hapa kwetu mchana joto linapita nyuzi 30 na usiku unyevu wa bahari unaingia mpaka kwenye shuka, barafu uliyonunua asubuhi ikifika jioni ni maji, na soseji zinaogelea humo. Hata ukilinganisha na jirani zetu Zanzibar, Sauti za Busara wanafanyia Ngome Kongwe katikati ya mji, wageni wengi wanalala gesti na nyumba za wageni, wakitoka nje tu Forodhani hiyo hapo, kule wanakouza chakula cha usiku, sa hema na kapu la chakula la nini? Bagamoyo ni tofauti, hapa tuna tamasha tangu 1982, mwaka mmoja tu baada ya Chuo cha Sanaa kuanzishwa, hiki tunachokiita TaSUBa sasa, uwanja uko ufukweni na vijana wengi hela ya gesti hamna mnapiga kambi, ndo maana nimesema tuongee.

Na mji huu kuhusu chakula cha safarini una historia yake wanangu. Wapagazi walikuwa wanatoka Ujiji huko mpaka hapa na pembe za ndovu mabegani, posho yao ni nafaka kavu, kipimo ni kibaba kwa siku. Mabaharia nao walioletwa na kaskazi kutoka Arabuni jahazini mna tende, mna papa mkavu, vitu ambavyo joto haliviwezi. Hawakuwa na friji, hawakuwa na barafu, na walivuka bahari. Kwahiyo nikiwaambia bebeni tende na ng'onda, yani samaki mkavu, msione bibi anawarudisha zamani, chakula hicho kilichaguliwa na hali ya hewa hii hii mnayoikuta nyie.

Tuanze na wali maana hapa ndo pagumu, kila mtu anaupenda na kila mtu anaubeba. Kuna kijidudu kinaishi kwenye nafaka, mbegu zake zinastahimili kuchemshwa, ukiupika wali vizuri kabisa zile mbegu zinabaki hai, wali ukikaa vuguvugu kwenye hotpoti zinachipua, zinazaliana, na zinatoa sumu. Sumu yenyewe hata uupashe moto mpaka uungue haiondoki. Ndo maana mtu anakula kiporo, anasema mbona nilipasha, na baada ya saa chache anatapika. Wataalamu wanasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto la kupita nyuzi 32 iwe saa moja, sasa jipigieni hesabu wenyewe, kutoka Dar mpaka hapa ni kilomita 70 hivi, na foleni ya Tegeta mnaijua. Alafu ukiweka tui la nazi ndo umeharakisha, wali wa nazi unachacha kabla hujafungua mfuniko, mkate wa kumimina hivyo hivyo, maharage ya nazi, samaki wa kupaka, vyote vitamu, vyote ni vya kula pale vilipopikwa.

Cha pili ni samaki, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwasababu mtatamani samaki, soko liko pale ufukweni, akina mama wanakaanga, harufu inawafuata mpaka kwenye hema. Kuleni! Samaki wa Bagamoyo ni haki yenu. Ila muulize mama amevuliwa lini, na muone anavyotoka kwenye karai. Jodari, nguru na vibua wana tabia moja, wakikaa juani kabla ya kukaangwa nyama yao inatengeneza kitu kinaitwa histamini, na kukaanga hakukiondoi, kupika hakukiondoi, kuweka ndimu ndo kabisa. Ukila mdomo unawasha kama umekula pilipili ambayo hukuitia, uso unakuwa wa moto, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Ikitokea hivyo acha kula hapo hapo, na kama kifua kinabana nenda hospitali, usisubiri bendi imalize. Na samaki uliyemnunua jioni usimfunge kwenye gazeti ukasema ntamalizia asubuhi. Mle na wenzako usiku huo huo.

Sasa cha kubeba. Maandazi, ila yakandwe bila tui, na yapoe kabisa ndo yafungwe, watu wanayafunga yana mvuke, mvuke unageuka maji, kesho yake yanateleza. Chapati nazo ni hivyo hivyo, zipoe moja moja, na hizo ni za siku ya kwanza mpaka asubuhi ya pili, usizivushe zaidi. Kashata, visheti vikavu, chevda, krispi za muhogo, bisi. Karanga na korosho mkazibebe kwa wingi maana ndo nyama yenu ya mchana, karanga chagueni, yenye ukungu au iliyojikunja au chungu tema, msione aibu, ukungu wa karanga una sumu ya ini. Dagaa waliokaangwa wakakauka mpaka wanalia wakikatika, wakiwa na chumvi na pilipili, mnafunga kwenye kopo kavu. Siagi ya karanga. Kopo la samaki la kufungua kwa mkono, likifunguliwa liishe. Mayai ya kuchemsha ndio, ila yaliwe ndani ya zile saa mbili nilizosema, au moja joto likizidi, na yabaki na maganda yake.

Na kuna kitu vijana mmekisahau, pepeta! Watu wa Tanga hapa nawaona mnacheka, mnakijua. Mpunga unavunwa bado mchanga, unakaangwa, unatwangwa mpaka punje inalala bapa, basi umeshaiva huo, unautafuna mkavu au unaumwagia maji ya moto na sukari kidogo, dakika chache una kifungua kinywa kinachoshika tumbo mpaka adhuhuri. Maji ya moto kwa mama wa chai unauziwa kikombe, hauhitaji jiko wala sufuria. Mimi ningekuwa na uwezo kila hema lingekuwa na mfuko wa pepeta.

Matunda msibebe, yatapondeka, nunueni hapa yakiwa mazima mmenye wenyewe. Mananasi ya Kiwangwa yanatoka wilaya hii hii, na ukija mwezi wa 11 embe zimeanza. Lile tikiti lililokatwa tayari na nzi wameshalisalimia liacheni.

Kufungashia: mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, kwahiyo chukueni kikapu cha ukili kwa vinavyotaka hewa, na ndoo ya mfuniko unaobana kwa vingine vyote. Ndoo nasisitiza. Hapa tuna kunguru hawa weusi wa mjini, wana akili, wanafungua zipu ya begi mchana kweupe, na usiku kuna sisimizi na panya, lakini ndoo ya mfuniko haifunguliwi na yeyote kati yao, na mchana unaikalia. Ikae kivulini, nje ya hema, maana ndani ya hema saa sita mchana ni tanuri.

Maji. Mtu anayecheza ngoma juani mhesabieni lita tatu mpaka nne za kunywa kwa siku, kuoga mbali. Watu watano mkichanga dumu la lita 20 linawatosha siku moja, na mkijaza bombani tieni vidonge vya klorini au mchemshe nyumbani kabla. Nawaombeni pia mtu mmoja kwenye kundi abebe sukari na chumvi kwenye vikopo na kijiko cha chai, kwasababu tumbo likimfungukia mtu usiku duka la dawa limefungwa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari visawazishwe, na nusu kijiko cha chumvi, koroga, anywe kidogo kidogo kila akitoka chooni. Msizidishe chumvi mkidhani ndo dawa itakuwa kali, ikizidi inadhuru. Na akiona damu au akalegea, hospitali. Sabuni ya kunawia sijui kama nahitaji hata kuisema lakini naisema, sabuni.

Kuna kijana ameuliza, mama, kwani tukija na jiko la mkaa letu tukapika wenyewe si bei rahisi? Mwanangu nimekuelewa, hela ni ngumu. Kwanza waulizeni wenye uwanja kama moto unaruhusiwa, hapa kuna makuti, kuna hema za nailoni, kuna upepo wa bahari, cheche moja inatosha. Pili, na hili nalisema kwa uchungu, matamasha yetu mara nyingi yanaangukia kwenye vuli, mvua inanyesha ghafla, na mtu mwenye jiko akinyeshewa anafanya nini? Analiingiza ndani ya hema. Mkaa ukiwaka unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikukohozi, unapata usingizi tu alafu hauamki. Sio moshi huo wa kukutoa machozi ukakimbia. Jiko la mkaa halilali na mtu, iwe hema iwe chumba, hata kama makaa yamebaki majivu juu. Gesi ya mtungi mdogo nayo ni nje tu. Ukipiga hesabu ya mkaa, sufuria, maji ya kuoshea, na muda unaoukosa muziki, sahani ya wali maharage ya mama ntilie sio ghali, na yeye anapika cha kuisha kila siku, kwahiyo wali wake ni wa leo. Nendeni mapema lakini, sa saba hivi, ukienda sa kumi unakula kilichokaa. Na bebeni chenji, noti ndogo ndogo, watu wakijaa mtandao unagoma na pesa ya simu haitoki.

Alafu gawaneni kabla ya kuondoka nyumbani. Nimeona kundi la watu wanane wote wamekuja na biskuti, hakuna chumvi, hakuna kisu, hakuna hata kikombe. Mmoja dagaa na karanga, mmoja maandazi na chapati, mmoja pepeta na sukari, mwingine maji na sabuni, cha kila mtu kiingie kwenye sinia moja. Na mkumbuke mezani pana Mwislamu na Mkristo na asiyekula samaki, ulizaneni mapema, kumuacha mwenzako na njaa kwasababu hamkumuuliza ni vibaya.

Swali la mwisho, dada pale, ana sukari, anachoma sindano, anauliza afanyeje. Umefanya vizuri kuuliza mbele za watu mwanangu. Kwanza usiruke mlo kwasababu ya kucheza, ngoma inateremsha sukari kama kazi ya shamba, kwahiyo karanga ziwe karibu, na mfukoni, sio kwenye hema, mfukoni, uwe na tende tatu nne au sukari au soda ndogo ya kawaida, ukianza kutetemeka na jasho la baridi unakula hapo hapo. Dawa yako usiiweke ndani ya hema wala juu ya barafu ikaganda, tafuta chungu kidogo cha udongo, kizungushie kitambaa kibichi, kikae kivulini penye upepo, kinapoa chenyewe. Na wenzako wawili unaolala nao waambie leo leo, uwaonyeshe tende ziko mfuko gani, kwasababu siku hiyo ikitokea huenda wewe huwezi kuongea. Waliokuja na huyu dada nyoosheni mikono niwaone. Haya, bakini hapa mkimaliza, njooni kwangu niwaonyeshe hicho chungu kinavyofungwa.