Bomba la Darubini Lisilopinda

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo ni habari ya kujitengenezea bomba la darubini kwa nyuzi za kaboni. Naanza na hesabu, maana bila hesabu hii mtadhani nyuzi hizo ni urembo tu.

Chukueni darubini ya Newton ya kupigia picha, kioo chenye upana wa milimita 200, uwiano wa f/4, yaani mwanga hukutana kwa umbali wa mara nne ya upana huo. Kati ya kioo kikuu na kile kidogo cha mbele kuna kama milimita 600 za bomba. Joto likishuka digrii 10 kati ya magharibi na usiku wa manane, alumini ya urefu huo husinyaa takriban mikromita 140. Chuma, kama 70. Na kwenye f/4, mahali picha inapokuwa kali huvumilia kosa la mikromita 40 hivi. Ukizidi hapo nyota zinavimba. Kaboni iliyopangwa vizuri haifiki mikromita 15, kwa sababu uzi wenyewe, kwa urefu wake, hufupika kidogo sana ukipata joto ilhali epoksi, gundi inayoshika nyuzi, inatanuka, na viwili hivyo vinakaribia kufutana. Fremu inayoshikilia vioo vya Hubble, darubini ya angani iliyorushwa mwaka 1990, ni ya kaboni na epoksi.

Wauzaji huishia hapo. Mimi nataka tuzungumze habari ya kupinda.

Mtasikia kwamba kaboni ni kakamavu, yaani ngumu kupinda au kunyoosha, kuliko chuma. Uzi, ndiyo: gigapaskali 230 hivi, chuma 200. Lakini ni kwa kufuata urefu wa uzi tu. Ukiuelemea ubavuni, kinachokupokea ni gundi. Kwa hiyo tabaka za kufuata urefu wa bomba huzuia kuinama, za digrii 45 kulia na kushoto huzuia kujisokota, za kuzunguka huzuia bomba lisibonyee likawa yai. Kile kitambaa cha kusukwa kinachong'aa juu kabisa ni nguo ya sikukuu. Mkitaka kiwekeni, ila msikihesabu.

Hata hivyo bomba zima ni nadra kuwa ndilo lenye kosa. Kosa huwa pale mzigo unapoingia. Fokasi (kifaa cha kusogeza kamera mpaka picha iwe kali), kamera na gurudumu la vichujio vinaning'inia ubavuni mwa ukuta wa milimita 2. Ukuta unabonyea, kioo kidogo hakiufuati, mhimili wa mwanga unahama. Na pikseli, zile nukta za picha, za kamera nyingi za sasa ni mikromita 3.76, hivyo hata kuhama kidogo kunaonekana!

Dawa ni kuugawa ukuta uwe ngozi mbili za kaboni, ya nje na ya ndani, na kuzitenganisha. Ngozi mbili za milimita 1, katikati povu gumu la milimita 6: kwa hesabu za karatasi ukuta huo ni mkakamavu zaidi ya mara 30 kuliko ngozi hizohizo zikibandikwa pamoja. Povu likiwa laini faida inapungua, lakini bado ni kubwa mno kuiacha. Pale boliti zinapopita, toeni povu, wekeni bamba la alumini, la sivyo mtalisaga kwa kukaza. Na kati ya alumini na kaboni pakeni tabaka la nyuzi za kioo (fibaglasi). Kwa hewa yetu ya chumvi hapa pwani, viwili hivyo vikigusana vinakuwa betri, na inayoliwa ni alumini.

Kalibu ya kuzungushia nyuzi nayo iwe bomba la alumini lililopakwa nta inayostahimili joto. Hapo tabia yake mbaya inatufaa: ndani ya tanuri linatanuka, likipoa linasinyaa kuliko kaboni, na kazi inachomoka yenyewe. Msiruke hatua ya tanuri, inayoigandisha epoksi kwa joto. Epoksi iliyogandia sebuleni inaweza kuanza kulainika kwenye digrii 50 au 60, na gari lililofungwa juani linazifikia hizo kwa urahisi.

Kukata: barakoa, maji, na mbali na kompyuta, kwa kuwa vumbi la kaboni hupitisha umeme.

Kupima ni rahisi. Wekeni leza kwenye fokasi, ning'inizeni uzito wa kamera, kisha inamisheni darubini kutoka utosini hadi karibu na upeo. Doa likitembea kwenye kioo kikuu, kagueni kwanza kitako cha fokasi na mikono inayoshika kioo kidogo kabla ya kulaumu bomba.

Bomba hili hapa mezani halijapakwa rangi. Anayetaka kulibonyeza aje, halafu tuingie kwenye maswali.